UYOGA WENYE SIFONGO
Jinsi ya kuutambua porini kabla ya kuutia chunguni

Mkulima, mvua za mwanzo zinapokwisha kulowesha ardhi, na mahindi yako yangali mafupi, chakula cha ghalani huwa kimepungua na cha shambani hakijaiva. Ndiyo miezi ambayo wake na watoto huchukua vikapu wakaenda porini kutafuta uyoga. Msaada huo si mdogo. Uyoga ni kitoweo kizuri, haulipiwi fedha, na ukikaushwa vema hukaa mpaka kiangazi. Lakini kila mwaka, katika nchi nyingi za dunia, watu hufa kwa sababu ya chungu kimoja cha uyoga, na mara nyingi hufa watu wa nyumba moja pamoja, maana walikula sahani moja.

Karatasi hii yaeleza khabari za jamaa moja tu ya uyoga, nayo ni ile ambayo chini ya kofia yake mna sifongo badala ya matamvua. Wataalamu huiita jamaa ya boleti. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, alama yake kubwa yaonekana wazi, hata mtoto aweza kufundishwa kuiona. Pili, ule uyoga unaoua watu wengi kupita wote hauna sifongo, una matamvua. Basi mtu ajuaye kutofautisha sifongo na matamvua amekwisha kuepuka hatari kubwa kabisa, ijapokuwa bado hajaepuka zote. Soma taratibu, na kama nyumbani mna asiyejua kusoma, msomee.

1. SEHEMU ZA UYOGA

Kile tukionacho juu ya ardhi ni kama tunda tu. Mwili wenyewe wa uyoga ni nyuzi nyembamba nyeupe zilizotandaa udongoni, nazo huishi miaka mingi. Tunda hilo lina kofia na mguu. Geuza kofia utazame upande wa chini, kwani hapo ndipo mbegu zinapotoka.

Katika uyoga wengi utaona karatasi nyembamba zimesimama kandokando, zikitoka mguuni kuelekea ukingo wa kofia, mfano wa kurasa za kitabu kilichofunguliwa au matamvua ya samaki. Hizo tutaziita matamvua. Uyoga wa kichuguu, ambao wengi wanaupenda, una matamvua.

Katika jamaa ya boleti hakuna karatasi hizo. Utaona vitundu vidogo vingi vilivyokaribiana, kama sifongo ya kuogea au kama upande wa ndani wa mkate ulioumuka. Ukikata kofia kwa kisu kutoka juu hata chini, utaona kwamba kila kitundu ni mdomo wa mrija mwembamba, na mirija hiyo imesimama pamoja kama fito za ukuta. Sifongo hiyo ni laini, nawe waweza kuibandua kwa kidole gumba ikatoka katika nyama ya kofia.

Jambo hili la kubandua ni la maana. Kuna uyoga mwingine wenye vitundu chini yake, ambao huota juu ya magogo na mashina, mgumu kama ngozi kavu au kama ubao, na mara nyingi hauna mguu. Vitundu vyake havibanduki. Huo si jamaa ya boleti. Boleti huota ardhini kwa kawaida, ana mguu katikati ya kofia, na nyama yake ni laini ya kukatika kwa kisu.

2. MAHALI UOTAPO

Yafaa ujue kwa nini uyoga huu waonekana chini ya miti fulani wala hauonekani katikati ya shamba la mahindi. Nyuzi zake huizunguka mizizi myembamba ya mti kama soksi. Uyoga humpa mti maji na chakula cha udongoni ambacho mizizi peke yake isingefika kukipata, na mti humpa uyoga sukari inayotengenezwa katika majani. Kila mmoja humtegemea mwenziwe.

Si miti yote inayofanya mapatano hayo na uyoga wa namna hii. Miti ya misitu ya miombo hufanya, yaani miombo yenyewe, mitundu, mitondoro, na pia mikusu ambayo matunda yake tunayala. Kwa hiyo sehemu za Tabora, Iringa, Mbeya, Ruvuma na nyingine zenye miombo ndizo zenye uyoga huu kwa wingi, tangu mvua zinapoanza Novemba au Desemba mpaka zinapokwisha Aprili. Misonobari, ambayo wengi huiita mipaini, nayo hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana mashamba ya mipaini ya Mufindi na ya milima mingine yana boleti wa namna yake.

Mipaini hiyo si miti ya asili ya Afrika ya Mashariki, na uyoga wake vilevile ni mgeni. Waotesha miti katika nchi nyingi za Afrika waliona kwamba miche ya mipaini iliyopandwa katika udongo usio na uyoga huo huwa ya manjano na kudumaa. Wakachukua udongo kutoka chini ya mipaini mikubwa, wakauchanganya katika vitalu, na miche ikanawiri. Hivyo mti na uyoga wake husafiri pamoja.

Basi kabla hujainama kuchuma, tazama juu. Jiulize: nimesimama chini ya mti gani? Jibu lake ni nusu ya kuutambua uyoga.

3. NAMNA YA KUUTAZAMA

Usiukate uyoga juu ya ardhi kama mboga wakati unapotaka kuutambua. Chimbua kwa kisu au kijiti mpaka mwisho wa mguu, uutoe mzima. Kisha fuata hatua hizi kwa taratibu, bila kuruka hata moja.

(a) Tazama chini ya kofia. Je, ni sifongo au matamvua? Kama ni matamvua, maneno ya karatasi hii hayahusu uyoga huo, ila sehemu ya 6.

(b) Tazama rangi ya sifongo. Yaweza kuwa nyeupe, manjano, kijani cha zeituni, waridi, kahawia, au nyekundu. Kumbuka kwamba uyoga mchanga na mzee hawana rangi moja. Boleti wengi huanza na sifongo nyeupe au ya manjano, kisha huiva ikawa ya kijani hivi au ya kahawia.

(c) Bonyeza sifongo kwa kidole, uhesabu polepole mpaka thelathini. Je, pale ulipobonyeza pamegeuka rangi?

(d) Tazama mguu. Una nyavu juu yake, yaani mistari iliyosukwa kama wavu wa mvuvi? Una vidoadoa? Una pete? Chini yake ni mnene au mwembamba? Mna kikombe au mfuko unaoizunguka sehemu ya chini? Boleti kwa desturi hana kikombe hicho. Ukiona kikombe, simama, utazame tena chini ya kofia.

(e) Pitisha kidole juu ya kofia. Ni kavu, ina utelezi, ina magamba, au ni laini kama kitambaa cha mahameli?

(f) Pasua uyoga wote vipande viwili, kutoka juu ya kofia mpaka mwisho wa mguu. Tazama rangi ya nyama mara moja, kisha baada ya dakika tano. Tazama pia kama mna funza. Boleti hupendwa sana na funza, na mara nyingi kofia iliyo nzuri kwa nje imeoza ndani.

(g) Nusa. Uyoga mzuri una harufu njema ya udongo au ya njugu. Lakini harufu njema peke yake haithibitishi kitu.

4. VUMBI LA MBEGU

Hatua hii yachukua usiku mmoja, lakini haina gharama. Kata mguu, uweke kofia juu ya karatasi nyeupe, upande wa sifongo chini. Funika kwa bakuli ili upepo usiingie, uache mpaka asubuhi. Ukiinua kofia utaona vumbi limeanguka juu ya karatasi. Hilo ni mbegu zake, na rangi yake haidanganyi kama rangi ya kofia, ambayo hubadilika kwa jua na mvua.

Boleti wengi hutoa vumbi la kahawia au la kijani cha zeituni. Wengine hutoa la waridi-kahawia. Boleti wa miombo wenye magamba juu ya kofia, ambao wataalamu huwaita Afroboletus, hutoa vumbi jeusi au linalokaribia weusi. Uyoga wa kichuguu hutoa vumbi la waridi hafifu. Uyoga wa jamaa ya Amanita, ambamo mna wale wauaji, hutoa vumbi jeupe. Na uko uyoga mmoja wa viwanjani, wenye matamvua, utoao vumbi la kijani. Huo nao utaelezwa mbele, maana wadhuru.

Karatasi yenye vumbi iweke kitabuni pamoja na jina la mti, tarehe, na jina la uyoga kwa lugha ya kwenu. Baada ya misimu miwili au mitatu utakuwa na kitabu chako mwenyewe, nacho kitafaa watoto wako kuliko karatasi hii.

5. RANGI YA BULUU, NA AINA CHACHE

Watu wengi hutishika waonapo nyama ya uyoga, iliyokuwa ya manjano, ikigeuka buluu mara tu inapokatwa. Husema kwamba hiyo ndiyo sumu inayojitokeza. Sivyo. Mna kitu katika nyama ambacho kikikutana na hewa hugeuka rangi, kama vile ndizi mbichi iliyomenywa igeukavyo kuwa nyeusi. Wako boleti wanaogeuka buluu na huliwa, na wako wanaogeuka buluu na hutapisha. Kwa hiyo buluu si hukumu ya sumu, wala kutokuwa na buluu si cheti cha usalama. Ni alama moja tu kati ya nyingi.

Lakini iko kanuni moja ambayo mtu asiye fundi yampasa kuishika: boleti ambaye midomo ya sifongo yake ni myekundu au ya rangi ya chungwa iliyoiva, mwache. Miongoni mwa hao wamo wale wanaotapisha na kuharisha vibaya, na njaa ya siku moja haistahili kujaribiwa kwa hao.

Hizi ni namna chache unazoweza kukutana nazo:

Boleti mkubwa wa kahawia. Wataalamu huiita jamaa yake Phlebopus. Ni mzito, mguu wake mnene umevimba chini, kofia yake ya kahawia, sifongo na nyama ni za manjano hivi. Huonekana pia mahali palipo wazi, si chini ya miti tu. Unakuwa mkubwa kuliko boleti wengine wengi, hata mmoja hujaza kikapu kidogo. Sehemu nyingine za Afrika huliwa, lakini uchukue mchanga, kwani mzee hulainika na kujaa funza.

Boleti mwenye magamba. Huyu ndiye Afroboletus tuliyemtaja. Magamba ya kofia na vumbi lake jeusi humtambulisha upesi, na mguu wake una nyavu.

Boleti wachungu. Wako wenye sifongo nyeupe inayogeuka waridi, na nyama chungu kama mwarobaini. Hawa kwa kawaida hawaui, lakini mmoja tu huharibu chungu kizima.

Boleti mtelezi wa mipaini. Jina lake la kitaalamu ni Suillus. Kofia yake ni ya manjano-kahawia, na wakati wa mvua ina utelezi kama bamia. Sifongo ni ya manjano. Huliwa, lakini ngozi ile ya utelezi huwasumbua baadhi ya watu tumboni, basi ibandue kabla ya kupika. Usimtafute katika miombo. Mti wake ni mpaini.

Boleti wa biashara. Huyu ni Boletus edulis, ambaye Waitalia humwita porcino, na ndiye anayetafutwa kuliko wote katika Ulaya. Sifongo yake ni nyeupe mwanzoni, kisha manjano, kisha kijani cha zeituni. Nyama yake ni nyeupe wala haigeuki buluu. Na juu ya mguu mna wavu mweupe. Alifika Afrika ya Kusini na Zimbabwe pamoja na miti ya kigeni, na huko watu wamemwokota chini ya mipaini, wakamkausha, akauzwa Ulaya. Tumemtaja ili ujue kwamba kile tunachokipita njiani huweza kuwa na bei mahali pengine.

Usidhani hawa ndio wote. Misitu ya miombo ina boleti wengi, na baadhi yao hata wataalamu hawajawapa majina. Mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu kikubwa juu ya uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya maarifa yao ilitoka kwa wanavijiji, khasa akina mama, waliowaonyesha uyoga na kuwatajia majina yake. Basi maarifa ya bibi yako si ya kudharauliwa.

6. UYOGA WENYE MATAMVUA WA KUOGOPWA

Uko uyoga wenye alama tatu pamoja: matamvua meupe, pete mguuni, na kikombe au mfuko chini ya mguu, ambao mara nyingi umefichwa udongoni. Hiyo ni jamaa ya Amanita. Ndiyo maana tulisema chimbua mpaka mwisho, kwani aukataye mguu juu ya ardhi huacha ile alama ya hatari nyuma yake. Mchanga wake hufanana na yai jeupe. Likipasuliwa huonyesha ndani umbo la uyoga mdogo.

Hapa pana jambo gumu. Katika nchi za miombo watu wengi hula Amanita mmoja mkubwa mweupe mwenye kikombe, na huuzwa hata kando ya barabara. Wale waliolelewa nao huujua vema. Lakini katika jamaa hiyo hiyo wamo wanaoua. Kwa hiyo mtu aliyehama kwao asiyachukulie macho ya kwao kuwa ni macho ya kila mahali. Mara nyingi katika dunia wahamiaji wamekufa kwa kula uyoga uliofanana kabisa na ule wa nyumbani kwao.

Tuseme mke mchanga ameolewa mbali na kwao, naye arudi na kikapu kimejaa. Amwambia mkwewe, "Mama, huu kwetu twaula." Mama mwenye hekima hatamkaripia, wala hatautia chunguni. Atamwambia, "Kwenu ni kwenu, mwanangu, na hapa ni hapa. Keti tuutazame mmoja mmoja, na usio na jina hapa kwetu tutautupa." Nyumba yenye desturi hiyo itazeesha watu wake.

Uyoga wa pili wa kuogopwa huota katika nyasi, viwanja na bustani, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete mguuni. Matamvua yake ni meupe kwanza, kisha hugeuka kijani kwa sababu ya vumbi lake. Hauui mara kwa mara, lakini huleta kutapika na kuharisha kwingi baada ya saa chache, na kwa mtoto mdogo kupungukiwa maji ni hatari kubwa.

7. MANENO YA KUDANGANYA

Yafuatayo husemwa katika nchi nyingi, nayo si kweli:

"Ukitia sarafu au kijiko cha fedha chunguni kisipogeuka cheusi, uyoga ni mzuri." Si kweli.

"Ukitia kitunguu kisipogeuka rangi, ni salama." Si kweli.

"Ulioliwa na konokono, funza au nyani, na mtu aweza kuula." Si kweli. Tumbo la konokono si tumbo la mwanadamu.

"Mchungu ndio wenye sumu, mtamu hauna." Si kweli. Waliokula uyoga wenye kuua wakapona wamesema ulikuwa mtamu.

"Ukichemshwa sana au kukaushwa, sumu hutoka." Sumu ya Amanita wauaji haiondolewi na moto, wala chumvi, wala jua.

Hakuna dawa ya mkato ya kujua uyoga. Hujulikana mmoja mmoja kwa jina lake, kama tujuavyo majirani.

8. KUCHUMA, KUPIKA NA KUKAUSHA

Chukua kikapu, si mfuko wa plastiki, maana katika plastiki uyoga hupata joto na kuoza. Uyoga unaoujua uweke kikapuni, na ule wa kutazamwa uweke mbali katika majani yake. Usivichanganye kamwe, kwani kipande kimoja cha mwuaji chatosha kudhuru.

Uache uyoga uliolegea, ulioliwa sana na funza, au uliofunikwa ukungu mweupe unaogeuka unga wa manjano. Ukungu huo huwashambulia boleti, na boleti wa namna hiyo hafai kuliwa. Usichume kandokando ya barabara kuu, karibu na machimbo ya madini, wala penye mashamba yaliyonyunyiziwa dawa za wadudu, kwa sababu uyoga hunyonya vitu vibaya vilivyomo udongoni.

Ondoa sifongo iliyozeeka na kulainika. Usile boleti mbichi. Kata vipande, upike dakika 20 au zaidi mpaka uive kabisa. Ukila namna fulani kwa mara ya kwanza, hata kama wenyeji wauthibitisha, kula kidogo, namna moja tu, na uache mmoja mbichi bila kupikwa mpaka kesho yake. Watoto wadogo wasiwe wa kwanza kujaribu.

Uyoga mbichi karibu sehemu tisa katika kumi ni maji. Kwa hiyo kilo 10 za uyoga mbichi hutoa kilo 1 hivi ya mkavu. Kata vipande vyembamba, uvitandaze juu ya ungo au mkeka mahali penye jua na upepo, uviinue kutoka ardhini. Jua likikosekana, viweke juu ya kichanja mbali na mwali wa moto. Vikivunjika kwa mlio kama kijiti kikavu, vitie katika kibuyu au debe lenye kifuniko, uviweke mbali na unyevu. Usikaushe uyoga usioujua ukidhani utauliza baadaye, maana mkavu hauonyeshi tena alama zake.

9. MTU AKIDHURIKA

Ikiwa mtu amekula uyoga akaumwa tumbo, akatapika, akaharisha, akazungukwa na kichwa au kuona mambo yasiyokuwapo, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje asubuhi.

Angalia saa. Ugonjwa unaoanza katika saa chache za kwanza mara nyingi ni wa uyoga unaochafua tumbo. Ugonjwa unaoanza baada ya saa 6, au 12, au hata zaidi, ndio wa kuogopesha kupita wote, kwa sababu ndio mwendo wa Amanita wauaji. Tena una hila: baada ya siku moja ya kutapika na kuharisha, mgonjwa huonekana amepata nafuu. Watu hushukuru na kurudi nyumbani. Kumbe ini linaharibika ndani, na siku ya tatu au ya nne huwa mahututi. Basi nafuu hiyo isikudanganye. Yapasa akae hospitalini mpaka mganga aseme aende.

Chukua pamoja nawe mabaki ya uyoga, mbichi au uliopikwa, hata maganda, ukiyafunga katika karatasi. Wote waliokula chungu hicho waende, hata wale wasiosikia kitu. Mpe mgonjwa maji kidogo kidogo kama aweza kumeza. Usimnyweshe mafuta, wala majivu, wala usimlazimishe kutapika, khasa kama amelegea au ana usingizi.

10. UKITAKA UYOGA, TUNZA MTI

Tumesema kwamba boleti wa msituni na mti wake huishi kwa kusaidiana. Basi ukifyeka miombo yote, hao boleti hawatarudi mwaka ujao, hata mvua ikiwa njema. Na uyoga wa manjano wenye umbo la tarumbeta, ambao pia hutegemea miti hiyo, utakwenda nao. Uyoga wa kichuguu utabaki, maana huo hulimwa na mchwa.

Miti mingi ya miombo hukatwa kwa mkaa, kwa kukaushia tumbaku, na kwa kupanua mashamba. Hatusemi usilime. Twasema acha ukanda wa miti mpakani mwa shamba lako na kando ya mto. Ukikata, acha mashina yachipue, maana miombo huchipua tena, na mizizi iliyo hai huweka uyoga hai. Jihadhari na moto wa mwisho wa kiangazi, ambao ni mkali kuliko wa mwanzo. Mti mmoja ukiwa gunia la mkaa umeuzwa mara moja. Ukisimama, hukupa asali, kivuli, kuni za matawi makavu, na kikapu cha uyoga kila masika.

KUMBUKA

Chimbua mzima, usikate juu.
Tazama mti, kisha chini ya kofia, kisha mwisho wa mguu.
Sifongo si matamvua. Matamvua meupe, pete na kikombe ni alama za hatari.
Sifongo nyekundu iache.
Usiujuaye kwa jina usiutie chunguni.
Mgonjwa wa uyoga apelekwe hospitali leo, wala si kesho.

Ukiwa na shaka, mwulize mzee wa mahali hapo ambaye ameuchuma na kuula uyoga huo huo miaka mingi, au mpelekee Bwana Shamba wako uyoga mzima pamoja na jani la mti ulioota chini yake. Na kama baada ya kuuliza shaka ingalipo, utupe. Kukosa kitoweo kwa jioni moja ni jambo dogo.